Bima imekubali kulipa ila hela ni ndogo? Soma hapa kabla hujasaini

Somo la leo ni refu, kwa hiyo kama uko dukani na wateja wamejaa lihifadhi kwanza, usiku ukishafunga hesabu ndiyo ulisome vizuri.

Tunaongelea bima ya mzigo. Namna ya kukata bima tulishaongea. Leo ni pale moto umeshatokea, kampuni imekuja, imekubali kwamba tukio lako linalipika, halafu inakuletea barua yenye hela ambayo ukiiangalia huamini macho yako. Ulitegemea milioni 9, umeandikiwa milioni 2 na vichenji. Hapo wengi wetu tunaangukia sehemu mbili. Wapo wanaosaini kwa unyonge wachukue hicho kidogo maana kodi ya frem inadai, na wapo wanaozira, wanaishia kuisema bima kwenye status mpaka mwaka unaisha. Wote mtaji umeondoka.

Ipo njia nyingine, na mara nyingi imeandikwa ndani ya mkataba wako mwenyewe, kwenye zile kurasa za nyuma zenye maandishi ya kupasua macho. Wewe unachagua mtu wako anayejua kuthamini hasara, kampuni inachagua wa kwake, na hao wawili wanachagua mtu wa tatu wa kuamua wakishindwana. Marekani kitu hiki kimezoeleka sana kwenye bima za moto. Mkataba wa mfano wa New York wa mwaka 1943, ambao majimbo mengi yaliuiga, ulikipangia mpaka siku: upande mmoja ukidai, kila mmoja ataje mthamini wake ndani ya siku 20. Wathamini wawili wakishindwa kukubaliana nani awe wa tatu ndani ya siku 15, mahakama inamteua. Kati ya hao watatu, wawili wakisaini namba moja, hiyo ndiyo hasara. Huku kwetu kitu hicho kimekuja kwa njia ya Uingereza, na kinaitwa usuluhishi. Nitakieleza, ila kuna jambo la kuelewa kwanza, ukilikosa unapoteza muda wako.

UNAGOMBANIA NINI HASA?

Ugomvi na kampuni ya bima uko wa aina mbili. Kuna ugomvi wa "nalipwa au silipwi", na kuna ugomvi wa "nalipwa kiasi gani".

Mfano, stoo yako iko karibu na mto Themi au Naura, masika ya Aprili yanashusha maji kutoka milimani, mzigo unaloa wote. Kampuni inasema bima yako ni ya moto tu, mafuriko hukuyaongezea. Huo ni ugomvi wa aina ya kwanza. Au jengo limeanguka bila moto, kama lile la Kariakoo la tarehe 16 Novemba 2024. Mwenye bima ya moto peke yake ataambiwa kuanguka kwa jengo siyo moto. Wathamini hawana kazi hapo, maana swali ni la mkataba unasema nini. Hilo linaenda kwa mamlaka, kwa msuluhishi wa bima au mahakamani.

Njia ya wathamini inafanya kazi kwenye aina ya pili peke yake. Kipengele chenyewe kwenye mikataba mingi ya moto kinaanza kwa kusema hivyo: ikitokea tofauti juu ya kiasi cha kulipwa, na kampuni imeshakubali kwamba inawajibika. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ufunguo. Kwa hiyo kitu cha kwanza unachokitaka kutoka kwao ni maandishi kwamba wamekubali. Siyo simu, siyo "usijali dada tutalimaliza". Barua au barua pepe.

TUPIGE HESABU

Nimemtunga dada mmoja hapa ili tuone namba. Hayupo, ila mambo yanayompata ni ya kila siku.

Anauza viatu na mabegi mtandaoni, stoo yake chumba kimoja Ngarenaro. Amekata bima ya moto ya mzigo, milioni 15. Usiku shoti ya umeme inaunguza upande mmoja wa stoo. Viatu pea 240 vimeteketea. Mabegi 90 hayajaungua ila yamekula moshi na maji ya kuzimia.

Yeye anaandika madai hivi: viatu 240 kwa 25,000 ni 6,000,000. Mabegi 90 kwa 35,000 ni 3,150,000. Jumla 9,150,000.

Mtathmini wa kampuni anakuja, anapiga picha, anauliza karatasi, anaondoka. Baada ya wiki kadhaa barua inasema 2,236,950. Dada anahisi ameibiwa. Je, ameibiwa? Tufungue hiyo namba, maana ndani yake kuna mambo manne, na siyo yote ambayo mtathmini kakosea.

La kwanza ni bei. Dada ameandika bei ya kuuzia. Bima ya kawaida ya mzigo inakurudishia ulichotumia kuupata mzigo: bei ya jumla, nauli ya basi kutoka Dar, gharama za kuufikisha. Faida ambayo hujaiuza haimo, labda uwe umekata bima nyingine ya hasara ya biashara kusimama. Viatu vyake vimefika Arusha kwa 17,000 kila pea, mabegi kwa 22,000. Hapa mtathmini yuko sahihi. Ile 9,150,000 kwa bei ya kununulia ni 6,060,000. Ukigombania hii milioni 3 ya faida unajichafulia hata yale unayostahili.

La pili ni idadi. Mtathmini amehesabu pea 160 badala ya 240. Pea 80 ziliingia siku mbili kabla ya moto, karatasi zake ziliungulia humo humo. Hizo ni 1,360,000 za dada, na hapa ana haki ya kupigana, kama anaweza kuonesha kwamba mzigo uliingia.

La tatu ni mabegi. Mtathmini anasema ni ya kufuta tu na kuanika, yamepoteza asilimia 30. Asilimia 30 ya 1,980,000 ni 594,000. Sasa mtu aliyewahi kujaribu kuuza begi linalonuka moshi atacheka. Hii ni sehemu ya maoni, na maoni ndiyo yanayohitaji mtu wa kati.

La nne watu hawalioni kabisa, na ndilo linalouma zaidi. Linaitwa wastani. Kama mzigo wote ulikuwa na thamani kubwa kuliko kiasi ulichokatia bima, kampuni inakuhesabu kwamba sehemu iliyobaki ulijiwekea bima mwenyewe. Mtathmini amesema stoo nzima ilikuwa na mzigo wa milioni 20, bima ni ya milioni 15, kwa hiyo dada analipwa 15 juu ya 20, yaani asilimia 75 ya hasara.

Weka pamoja: viatu 160 kwa 17,000 ni 2,720,000. Ongeza 594,000 ya mabegi, unapata 3,314,000. Asilimia 75 yake ni 2,485,500. Toa asilimia 10 ambayo mkataba unasema dada anabeba mwenyewe, inabaki 2,236,950. Namba imetokea kihalali kabisa kwenye karatasi.

Lakini hebu rudi kwenye ile milioni 20. Aliipata wapi? Aliipata kwenye daftari la dada, na lile daftari limeandikwa bei za kuuzia! Yaani alipohesabu hasara alitumia bei ya kununulia, alipohesabu mzigo wote akatumia bei ya kuuzia. Kwa bei ya kununulia stoo nzima ilikuwa kama milioni 13.3, ambayo iko chini ya milioni 15. Wastani haumhusu kabisa. Robo nzima ya hela yake imekatwa kwa kuchanganya bei mbili.

Huwezi kuliona hili kwenye barua ya malipo. Unaliona kwenye ripoti ya mtathmini. Ndiyo maana kitu cha kuomba kabla ya kubishana ni hiyo ripoti, yenye mchanganuo wa bidhaa moja moja. Omba kwa maandishi. Wakikataa kukupa ripoti nzima, omba angalau jedwali la hesabu.

MTATHMINI WA KAMPUNI SIYO MTU WAKO, NA SIYO ADUI YAKO

Watathmini wa hasara wanasajiliwa na TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Anatakiwa kuwa mkweli kwa pande zote, lakini anayemlipa ni kampuni na anayempa kazi kesho ni kampuni. Binadamu ni binadamu. Wengi ninaowasikia wakilalamikiwa hawakudanganya, walikuwa na haraka, na mwenye duka hakuwa na karatasi. Mpe karatasi na muda, nusu ya ugomvi inaisha hapo hapo.

Na wewe una haki ya kumtafuta mtathmini wako, umlipe mwenyewe, akuandikie ripoti yake. Hakuna anayekukataza. Mara nyingine ripoti ya pili yenye akili inatosha, kampuni inasogeza namba bila kufika popote.

KILE KIPENGELE CHENYEWE

Sasa tuseme hamjaelewana. Fungua mkataba wako. Mingi bado ni ya Kiingereza, nenda kwenye masharti ya mwisho mwisho utafute neno Arbitration. Mikataba yetu mingi ya moto imerithi maneno ya zamani ya Uingereza, na kwa lugha ya mtaani yanasema hivi.

Mkitofautiana kwenye kiasi, mnachagua msuluhishi mmoja kwa pamoja, kwa maandishi. Mkishindwa kukubaliana mtu mmoja, kila upande unataja wa kwake. Upande mmoja ukiandikiwa na ukakaa kimya, muda uliotajwa ukipita (kwenye maneno ya zamani ni miezi 2, soma wa kwako), upande wa pili unaweza kuteua peke yake. Hao wasuluhishi wawili, kabla hawajaanza kazi, wanatakiwa kumteua mtu wa tatu kwa maandishi. Huyu ndiye mwamuzi wa juu. Wale wawili wakielewana yeye hana kazi. Wakishindwana, neno lake linafunga.

Zingatia hapo kwenye "kabla hawajaanza kazi". Ni busara ya wazee wa zamani. Mkisubiri mpaka mmegombana ndiyo mtafute refa, hamtakubaliana hata jina la refa.

Kwenye mikataba mingi pia kuna maneno kwamba huwezi kwenda mahakamani kudai kiasi mpaka hawa watu watoe uamuzi wao. Kwa hiyo ukikurupuka na wakili moja kwa moja kufungua kesi ya kiasi, kampuni inaweza kuomba kesi isimame mpaka mpite huku kwanza. Na kama kampuni imekataa madai kabisa, angalia kipengele cha muda, mingi inasema usipochukua hatua ndani ya miezi 12 unahesabika umeyaacha madai yako. Usikae unangojea huruma.

Mambo ya usuluhishi nchini yanaongozwa na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya tangu enzi za mkoloni, ya mwaka 1931. Uamuzi wa wasuluhishi unaitwa tuzo, na tuzo inaweza kupelekwa mahakamani ikatekelezwa. Ila ujue pia upande wa pili wa shilingi: ukishaingia huku, namba ikitoka huwezi kuikimbia kwa sababu tu hukuipenda. Mahakama inaingilia kwa sababu chache, kama rushwa au upande mmoja kutosikilizwa. Kutoridhika siyo sababu.

Mikataba mingine haina kipengele hiki, au inasema mpatanishwe kwanza. Usiniamini mimi, uamini uliousaini.

UNAMCHAGUA NANI?

Ule mkataba wa New York ulitumia maneno mawili kumweleza mthamini: awe na uwezo, na asiwe na maslahi. Hata kama mkataba wako haujayaandika, yashike.

Uwezo maana yake anajua thamani ya kitu chenyewe na anajua bima inavyohesabu. Mtathmini aliyesajiliwa ndiye salama zaidi. Kwa mzigo wa viatu na mabegi, mtu aliyefanya biashara ya jumla miaka mingi anajua bei kuliko wote, lakini kama hajui wastani ni nini, ule mtego wa milioni 20 utampita mbele ya macho.

Kutokuwa na maslahi maana yake siyo shemeji yako, siyo anayekudai, siyo mwenye jengo. Na hapa niseme wazi: jihadharini na wale wanaokuja baada ya moto wakisema "mimi nitakupigania, utanipa asilimia kadhaa ya utakachopata". Kama msemaji wako mnaweza kukubaliana mnavyotaka, hiyo ni biashara yenu. Lakini ukimweka kama mthamini au msuluhishi, mtu anayekula asilimia ana maslahi kwenye namba. Kampuni ikijua, tuzo yako nzima inapigwa kelele. Mlipe kiasi cha kazi, iandikwe, basi.

Na huyo mtu wako kazi yake siyo kupayuka kwa niaba yako. Kwa yule dada, mtu mwenye akili angeachia lile la bei ya kuuzia siku ya kwanza. Ukiachia usichostahili, mwamuzi wa juu anakuamini kwenye unachostahili.

Tuendelee naye basi. Kwenye mabegi, kampuni inasema yamepoteza asilimia 30, mtu wa dada anasema 70. Dada anachukua mabegi mawili, anapeleka kwa wauzaji wawili wa soko la Kilombero, anawaomba waandike na kusaini wangeyanunua kwa bei gani. Mmoja anaandika 9,000, mwingine 8,600. Katikati yake ni 8,800, yaani asilimia 40 ya 22,000. Hasara ni asilimia 60. Karatasi mbili tu zimemaliza ubishi ambao watu wazima watatu wangeukalia wiki nzima. Kwenye zile pea 80, anatoa ujumbe wa muamala wa simu kwenda kwa muuzaji wa Kariakoo, risiti ya mzigo ya basi ambayo kampuni ya basi ilibaki na nakala yake, na video ya kufungua mzigo aliyomtumia mteja WhatsApp.

Hesabu mpya: viatu 240 kwa 17,000 ni 4,080,000. Mabegi asilimia 60 ni 1,188,000. Jumla 5,268,000. Wastani haupo. Toa asilimia 10 yake, 526,800. Inabaki 4,741,200. Kutoka milioni 2.2 mpaka 4.7. Siyo 9, lakini ni mtaji wa kuanzia tena.

JE, INALIPA?

Hapa ndipo wengi hawakuambii ukweli. Kwa kawaida unamlipa mtu wako mwenyewe, na gharama za mwamuzi wa juu zinagawanywa au zinaamuliwa kwenye tuzo. Tofauti ya dada ni kama milioni 2.5. Tuseme mtu wake anataka laki 7 na sehemu yake ya mwamuzi ni laki 6. Inabaki milioni 1.2, na hapo ni kama ameshinda yote. Akishinda nusu, hamna kitu. Ni njia nzuri kwa mwenye ghala la milioni 80. Kwa mwenye chumba cha Ngarenaro au kibanda cha Tengeru, mimi naona kipengele hiki ni cha kukitaja kwenye barua zaidi kuliko kukitumia. Ukikitaja kwa usahihi, kampuni inajua imekutana na mtu aliyesoma, na kwao pia usuluhishi ni gharama.

Kwa madai madogo kuna milango ya bei rahisi. TIRA wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa hapa Arusha, unapeleka malalamiko yako kwa maandishi. Kuna pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, inajulikana kwa kifupi TIO, ambayo ipo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na mlalamikaji halipii. Kokote utakakoanzia, swali la kwanza litakuwa: ulishalalamika kwa kampuni yenyewe, na jibu lao liko wapi? Kama ulikuwa unalalamika kwa simu na kwa sauti za WhatsApp, unarudishwa kuanza upya. Uliza pia ukomo wa kiasi wanachoshughulikia na muda wa kuleta lalamiko.

Kama bima uliunganishiwa kwenye mkopo wa benki, angalia nani ametajwa kulipwa kwanza. Mara nyingi ni benki. Usije ukapigania miezi sita hela inayokwenda kukata deni, wewe ukidhani inaingia kwenye simu yako.

ILE KARATASI YA KUSAINI

Kabla ya kulipwa utaletewa karatasi ya kumaliza madai, wengi wanaiita dischaji. Ndani yake unakiri kwamba kiasi hicho ni malipo kamili na ya mwisho na hudai tena. Ukisaini hiyo, wathamini, mwamuzi, TIO, vyote umevifunga mlango mwenyewe. Kama njaa inakubana na kampuni inakubali kulipa sehemu ambayo haina ubishi, omba iandikwe wazi kwamba ni malipo ya awali na ubishi wa kilichobaki unaendelea. Wasipokubali kuandika hivyo, pumua kwanza, piga hesabu, ndiyo uamue. Mwenye haraka asikuharakishe.

USHAHIDI WA SISI WA MTANDAONI

Wenye maduka makubwa wana mashine za risiti na vitabu. Sisi tuna simu, na simu inatosha ukiitumia vizuri. Mzigo ukifika, rekodi video moja ukifungua, sauti yako ikihesabu. Piga picha risiti ya muuzaji na ya basi siku ile ile. Kila Jumapili hesabu stoo, andika safu mbili, bei ya kununulia na ya kuuzia, piga picha ukurasa, jitumie kwa barua pepe. Barua pepe kwa sababu simu nayo inaungua au inaibiwa, na kule tarehe inabaki.

Soko la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, na la Karume pale Ilala tarehe 16 Januari 2022, moto ulikuta mali na daftari viko sehemu moja. Daftari linalolala stoo ni sehemu ya mzigo tu.

Lingine ni la kuchekesha lakini limekaa vibaya. Mtathmini ana Instagram pia. Ukiposti Ijumaa "zimebaki pea 5 tuu wahi", moto ukatokea Jumamosi, Jumatatu ukadai pea 80, utaelezaje? Ile mbinu ya kuwakimbiza wateja itakugeukia. Na kudanganya kwenye madai, hata kwa bidhaa chache, mikataba mingi inasema unapoteza madai yote, mpaka yale ya kweli.

Siku ya tukio yenyewe usisahau: Zimamoto piga 114, toa taarifa polisi upate namba ya RB, taarifu kampuni siku hiyo hiyo kwa maandishi, na usitupe mabaki mpaka mtathmini ayaone. Ukiyatupa umetupa ushahidi wako.

BARUA YA KUNAKILI

Ikifika kwenye kubishania kiasi, andika hivi, ubadilishe panapohusu:

"Kwa Meneja wa Madai. Yah: Madai namba ..., bima namba .... Nimepokea barua yenu ya tarehe ... inayokubali kwamba tukio hili linalipwa na inayopendekeza Sh .... Sikubaliani na kiasi hicho. Naomba ndani ya siku 14 nipatiwe ripoti ya mtathmini pamoja na mchanganuo wa kila bidhaa: idadi iliyotumika, bei iliyotumika, thamani ya mabaki, na namna wastani ulivyokokotolewa. Naambatanisha ushahidi wangu wa idadi na bei. Tusipoafikiana, nitaomba tofauti hii ya kiasi ipelekwe kwa wasuluhishi kwa mujibu wa sharti namba ... la mkataba, bila kuathiri haki yangu ya kuwasilisha lalamiko TIRA na TIO. Sijasaini wala sijakubali malipo ya mwisho."

Peleka nakala mbili. Moja wagongee muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo nyumbani. Wakikataa kugonga muhuri, tuma ile ile kwa barua pepe yao ukiwa bado umesimama pale mapokezi.